Haya ya Fundi Zefania

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama watu waliotoka kulima? Basi, tuchoke pamoja.

Kale hiyo, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na mzee mjenzi wa makanisa, jina lake Zefania. Gonga, gonga, ko ko ko, kanisa. Gonga, gonga, ko ko ko, kanisa jingine. Kumi na tisa. Na alikuwa na desturi yake: siku ya kuondoa magogo yanayoegemeza tao la mlango, yeye husimama chini ya tao. Likianguka, limwangukie yeye kwanza.

Kufika kanisa la ishirini, magoti yalikuwa yamekwisha. Akaja Mzee Elkana, mkuu wa kijiji.

"Fundi, ongeza mnara. Majirani wametupita."

"Msingi hauwezi, mzee mwenzangu."

Kesho yake akaja. Ongeza. Kesho kutwa akaja. Ongeza. Siku ya saba Zefania alichoka kubishana, na akaona haya kusema amechoka. Akajibu, "Haya." Kwa kuona haya, akasema haya.

Ko ko ko, mnara ukapanda juu ya mlango. Zefania akateremsha timazi, ile kamba yenye jiwe ya kupimia ukuta. Ukuta ulikuwa umeinama upana wa kidole. Akaikunja kamba, asimwambie mtu. Chakula kikamshinda, usingizi ukamkimbia.

Siku ya kuondoa magogo watu wakajaa, waimbaji mbele.

"Fundi, simama mahali pako, tuingie," akasema Elkana.

Zefania akawatazama akina mama na watoto mgongoni. Akaketi pale pale vumbini.

"Leo sisimami. Mnara huu utaanguka. Nilijua, nikawaitikia tu. Rudini nyuma."

"Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Aibu ni yangu, Elkana. Rudini nyuma."

Wakarudi. Wakayavuta magogo kwa kamba, kwa mbali. Gidigidi, gidigidi, pu! Mnara wote chini. Vumbi lilipotua wakahesabiana, hakuna aliyepungua. Zefania akalia mbele yao, wala hakuficha uso.

Hakuitwa tena kujenga popote. Makanisa kumi na tisa yakasahauliwa, akabaki kuitwa Fundi Mnara Ulioanguka. Naye kila alipoitwa hivyo, aliitika.

Basi, wanangu, ukichoka sema umechoka, usiitikie jambo unalojua ni baya. Na ukishaitikia, tengua neno lako kabla watu hawajaingia mlangoni. Hadithi yangu naitua hapa, mabega yananiuma.