Ukurasa wa Mia Moja Kumi na Nane

Mtu mmoja alikuwa na kitabu kimoja na macho mawili, na macho yalikwisha kabla ya kitabu. Jina lake Sempombe. Alikuwa fundi saa, mjane, na watoto wake walikuwa mbali, wale wa kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Habari zake nyingine niliziona mwenyewe, na nyingine aliniambia kwa kinywa chake. Mnivumilie nikizisimulia, maana na mimi nimo humo, na simo mahali pazuri.

Mjini kwetu kulikuwa na kikundi cha wasomaji. Tulikutana kila Jumamosi alasiri katika ghala la zamani la mkonge, watu kumi na wawili, viti kumi na viwili vimepangwa duara. Hapo mwanzo tulikuwa tukiongea ovyo ovyo tu, huyu anadakia, yule anacheka, mwingine anasoma kipande kwa sauti. Kisha siku moja mchinja nyama aitwaye Mavere akaropoka mwisho wa hadithi ambayo Bi Nakijwa, mwenyekiti wetu, alikuwa amebakiza kurasa mbili kuimaliza. Lo! Bi Nakijwa alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyezoea kusikilizwa. Mavere alitafuta mlango.

Tangu siku hiyo tukajiwekea kanuni. Kila mtu kwa zamu yake anasimama, anataja kitabu anachosoma na ukurasa aliofika, wenzake wanaitikia "Usome salama," naye anakaa. Ni marufuku kuuliza ndani kuna nini, tusije tukaharibiana uhondo. Tukaongeza na nyingine: asiyesoma kitu kwa wakati huo aachie kiti, kwa kuwa waliotaka kuingia walikuwa wengi na viti havikuongezeka. Tulijivunia sana utaratibu huo. Dakika ishirini tu kazi imekwisha, tunakunywa chai ya tangawizi, tunaagana kwa adabu, kila mtu kwake.

Sempombe alikuwa akisoma hadithi ya dada mmoja aliyeacha nyumba yake kwenda kumtafuta kaka yake aliyepotelea kwenye mashamba ya chai. Alisoma polepole, kama alivyofungua saa za watu. Alipofika ukurasa wa mia moja kumi na nane, yule dada alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba ngeni, amepiga hodi, na ndani kumesikika mtu akikohoa. Hapo ndipo ukungu uliokuwa ukimsumbua kwa miezi ukafunga kabisa. Daktari alimwambia ni presha ya macho, imekwisha kula mishipa, na kilichokwenda hakirudi. Akabaki na mwanga wa dirishani na vivuli vya watu.

Basi Jumamosi ikafika. Jiwekeni nyinyi mahali pake, mwone mngefanya nini. Akisema haoni, kanuni inamwondoa kwenye kiti. Na pale ghalani ndipo mahali pekee katika juma zima ambapo mtu alilitaja jina lake. Saa alikuwa haziwezi tena. Nyumbani kulikuwa na redio, na redio haimwiti mtu. Akachukua kitabu chake, akaifuata njia aliyoijua kwa miguu, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Zamu yake ilipofika akasimama, akataja kitabu, akasema yuko ukurasa wa mia moja thelathini. Tukaitikia, "Usome salama."

Alifanya hivyo mwaka mzima. Kila Jumamosi aliongeza kurasa mbili, tatu. Mnataka kuniuliza ilikuwaje tusione. Nami najiuliza. Kuna siku alikishika kitabu juu chini. Kuna siku kikombe cha chai alikitafuta kwa vidole mezani mpaka akakimwaga, na Bi Nakijwa akafuta meza akisema pole, na maneno yakaishia hapo. Kiti changu kilikuwa ubavuni mwa kiti chake. Tuliketi hivyo, bega kwa bega, na nilichojua kumhusu ni namba ya ukurasa.

Aliniambia baadaye kwamba kusema uongo hakukumwumiza sana. Kilichomwumiza ni kwamba uongo ulipokelewa vizuri mno. Alikuwa akitoka nyumbani na tumaini kwamba leo, labda leo, kuna mmoja atavunja kanuni na kusema, "Enhe, na yule dada vipi?" Angemweleza yote. Alikuwa ameshayapanga maneno. Akirudi nyumbani anaketi kitandani na kitabu mapajani, anapapasa kurasa zilizobaki kwa kidole gumba, anawaza yule mwanamke aliyesimama mlangoni mwaka mzima na hajafunguliwa.

Kitabu chake kilikuwa na kurasa mia mbili na arobaini. Alipokaribia kuzimaliza akaingiwa na hofu, maana angelazimika kutaja kitabu kingine. Kisha akapata wazo la mtu aliyechoka. Jumamosi moja akasimama akasema, "Ukurasa wa mia tatu na ishirini." Tukaitikia, "Usome salama." Jumamosi iliyofuata akasema mia tano. Bi Nakijwa akampongeza kwa bidii. Siku hiyo, njiani, alilia mchana kweupe, na watu waliopishana naye wakadhani ni vumbi.

Jumamosi ya tatu akataja kitabu kisichokuwapo duniani. Alikitunga pale pale aliposimama: Kofia ya Mpima Ardhi. Tukaitikia kama kawaida, akakaa. Na jirani yake wa kiti akamwinamia, akamnong'oneza kwamba kitabu hicho alikisoma zamani, kizuri sana, ila mwishoni mwandishi kaharakisha.

Jirani huyo ni mimi.

Msicheke. Sikukusudia kumdanganya. Nilitaka kuonekana mtu aliyesoma, basi, kama wengine wote mle ndani. Na tena niwaambie jingine, maana leo nimeamua kutema yote: mimi mwenyewe nilikuwa sijafungua kitabu tangu Pasaka. Nilikuwa nikipita na jina lile lile na kuongeza kurasa. Mke wangu alikuwa amerudi kwao, nyumba imenishinda, herufi zilikuwa haziingii kichwani. Hakuna aliyeniuliza, nami nilishukuru kutoulizwa, na kila nikifika kwangu niliionea aibu shukrani hiyo.

Sempombe aliposikia nilichomnong'oneza aligeuka kunitazama, ingawa hakuniona. Kisha akasimama tena wakati si zamu yake. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Bi Nakijwa akainua mkono kumzuia, lakini mkono haumzuii mtu asiyeuona.

"Jamani, mimi sioni," akasema. "Huu mwaka wa pili unaingia. Nimekwama ukurasa wa mia moja kumi na nane, na nataka kujua kama yule dada alifunguliwa mlango."

Tuliangalia miguu yetu. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme kitu, na kila mmoja, nadhani, alikuwa akihesabu uongo wake mwenyewe. Ndipo mtu wa upande wa pili, kwa mazoea tu, kwa kutojua la kufanya na kinywa chake, akasema, "Usome salama." Na wengine, Mungu atusamehe, tukaitikia pamoja naye.

Sempombe akakichukua kitabu chake akatoka. Mlango ulikuwa karibu, hakuhitaji kuongozwa.

Jirani yake nyumbani alikuwa mwanamke mmoja mkaanga maandazi, Mwajabu, aliyeachia shule darasa la nne kwenda kulea wadogo zake. Kiguu na njia kutwa nzima, muda wa kuvuta pumzi hana. Alimkuta Sempombe ameketi kizingitini na uso umelowa. Akamwuliza kuna nini. Sempombe akajibu kama sisi sote tunavyojibu, kwamba hakuna kitu, ni uchovu. Mwajabu akashusha beseni lake chini, akakaa juu ya jiwe, akasema, "Baba, nimekuuliza kuna nini."

Akamwambia.

Baada ya Jumamosi mbili kiti kikawa bado kitupu, na watu waliotaka kuingia wakaanza kunung'unika. Bi Nakijwa akanituma nikamwulize Sempombe kama anakihitaji au tumpe mwingine. Ndivyo nilivyofika kwake kwa mara ya kwanza, baada ya kukaa naye bega kwa bega miaka minne. Nilikuwa sijui hata mlango wake uko upande gani, nikauliza kwa muuza mkaa.

Nilisikia sauti kabla sijafika uani. Mwajabu alikuwa akisoma. Na alisoma vibaya, niwaambie ukweli: neno analikata vipande vitatu, anarudi, anaruka mstari, anaupata tena. Mikono ina unga, kurasa zina madoa ya mafuta. Na kila baada ya sentensi mbili alikuwa anasimama anauliza. Kwa nini huyu kaka hakuwahi kuandika barua? Hivi huyu dada hana mume wa kumfuata? Sempombe anamjibu, anabishana naye, wanacheka. Kwa wiki mbili walikuwa wamesoma kurasa tatu, na yule dada alikuwa bado yuko mlangoni, kwa sababu Mwajabu alikuwa amemwambia Sempombe waanzie nyuma kidogo, amweleze vizuri huyo dada ametoka wapi na kwa nini anahangaika hivyo.

Nikapiga hodi nikakaribishwa. Nikaeleza habari ya kiti. Sempombe akasema mpeni mwingine, hana kinyongo. Kisha akanisimulia yote niliyowaambia, kwa utulivu, bila kunilaumu hata kwa neno moja. Alipomaliza aliniuliza tu ile Kofia ya Mpima Ardhi mwisho wake ulikuwaje.

Mwajabu akanitazama, akaniwekea andazi kwenye kisahani, akaniambia nikae nisikilize, wanafika pazuri. Ningekaa. Nafasi ilikuwapo, mkeka ulikuwa mpana. Lakini nilisema nina haraka, nikaaga kwa adabu, nikatoka. Nikiwa nje ya ua nikamsikia anaendelea kusoma, na mimi nikarudi kwangu ambako vitabu vyote viko rafuni vimepangwa kwa urefu, na nikakaa humo mpaka giza likaingia, mtu mmoja na viti vinne.

Kiti cha Sempombe alipewa mtu mwingine, msomaji hodari, nimesikia ana kurasa nyingi. Mimi cha kwangu nilikiacha mwaka huo huo. Na yule dada sijui kama alifunguliwa mlango. Kitabu hicho naweza kukinunua nikasoma mwenyewe, lakini mkono umegoma, na kwenda kuuliza naona aibu.

Sasa nyinyi mnaonitazama kana kwamba nasimulia habari za mji wa watu wengine. Asubuhi ya leo mmewaamkia majirani, mmewauliza "Habari za nyumbani?" na wao wamewajibu "Nzuri." Ni nani kati yenu aliyeuliza mara ya pili?