Foleni ya Wafunga Kamba

Asubuhi ya siku ya mchujo, Verlon Tackett alishindwa kula. Mezani palikuwa na mayai, soseji na viazi vya kukaanga, vyakula ambavyo katika miaka ishirini na sita ya kazi havikuwahi kumshinda, lakini siku hiyo kila tonge lilimkwama kooni. Kambi ya Wahunzi wa Toledo ilikuwa na wachezaji tisini. Ikifika saa kumi alasiri wangebaki hamsini na watatu, na wengine wote wangefungasha virago.

Verlon alikuwa msaka vipaji. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa gari katika vyuo vya kusini, kutazama vijana wakicheza mpira wa Kimarekani, kisha kuandika nani anafaa kusajiliwa na nani arudi kwao akalime. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku moja tu aliyosema mengi ndiyo iliyomponza. Mwezi wa Aprili, katika chumba cha uteuzi wa wachezaji wapya, aliwaona wenzake wakiliruka jina la Lucious Pettway, mlinzi wa mstari wa mbele kutoka chuo kidogo cha Alabama, kama watu wanaoruka dimbwi la maji machafu. Uchungu ukampanda. Akasimama, akapiga meza mpaka vikombe vya kahawa vikaruka.

"Mchukueni huyu!" alisema. "Kama mwisho wa Agosti hatakuwemo kwenye majina hamsini na matatu, mimi msinipe mkataba mwingine."

Chumba kizima kilicheka, na Pettway akachukuliwa. Toka siku hiyo mkate wa Verlon ukawa mikononi mwa kijana asiyejua hata kwamba ameubeba.

Saa mbili asubuhi makocha walikutana kwa mara ya mwisho. Kocha mkuu, Brent Haldorsen, alikuwa jitu la miraba minne, shingo nene, masikio yaliyokunjamana kwa kuvaa kofia ngumu miaka mingi alipokuwa mchezaji. Alikuwa mkali lakini si mwonevu. Mbele yake palikuwa na karatasi mbili na nafasi moja.

"Verlon, nisaidie," alisema. "Mechi tatu za majaribio. Kijana wako amemwangusha mbeba mpira mara ngapi?"

"Mara moja, Kocha."

"Na hiyo moja, yule bwana alijikwaa mwenyewe akamwangukia."

Wote wakacheka. Kocha msaidizi mmoja akadakia, "Yadi arobaini alikimbia kwa sekunde tano na nusu! Mzee, huyo si mchezaji, hilo ni jokofu linapandishwa ngazi."

"Lakini wapinzani walimwekea watu wawili kila mara," Verlon alijitetea.

"Ratili mia tatu na hamsini!" alijibu Haldorsen. "Akisimama tu, watu wawili wanatosha mbele yake. Sasa mtazame Kessler." Aliigonga karatasi ya pili. Brody Kessler alikuwa kijana mwembamba kidogo, mwepesi kama swala, na alikuwa amewaangusha warusha mpira wawili. "Kessler ana kitu cha kuonyesha. Wako ana nini? Nitaamua mchana. Usiponiletea neno jipya, Pettway anaondoka."

Hakusema, "Nawe unaondoka naye." Hakukuwa na haja.

Verlon alitoka nje akiwa mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Lililomuuma zaidi si ile kazi. Alianza kushuku macho yake mwenyewe. Je, hakumpenda tu kijana yule kwa unyenyekevu wake, kwa vile alivyomwamkia kila mpishi na kila mfagiaji? Kipenda roho hula nyama mbichi, na wasaka vipaji wengi wazuri wameharibikiwa kwa kupenda. Labda umri ulikuwa umemwambia kwaheri naye hakusikia.

Kwa kawaida yeye na makocha walitazama mazoezi wakiwa juu ya mnara wa chuma, karibu na mpiga picha. Siku hiyo goti lake la kushoto lilikataa ngazi. Akabaki chini, kando ya ndoo za maji, ubavuni mwa foleni, nyuma kidogo.

Zoezi lilikuwa la mmoja kwa mmoja. Walinzi walipanga mstari upande huu, wazuiaji upande ule. Filimbi ikilia, wa kwanza anamvaa wa kwanza: mlinzi anataka kupita, mzuiaji anataka asipite. Mambo ya sekunde tatu. Kisha wanarudi nyuma ya foleni na wawili wengine wanasogea.

Kessler aliposogea mbele, wazuiaji wakongwe walisukumana kama watoto mbele ya duka la pipi. "Huyu wangu!" "Kaa nyuma, ulimpata jana!" Aliyempata akamdaka kifuani, akamtuliza, wakarudi wakicheka.

Halafu foleni ya walinzi ikasogea, Pettway akabakiza watu wawili kufika mbele. Mitch Dombrowski, mzuiaji wa katikati, mkongwe wa misimu kumi na miwili, aliinua kidevu. Verlon alimwona akihesabu kwa midomo: yule kwa yule, yule kwa yule, Pettway kwa... Dombrowski akainama ghafla, akaanza kufunga kamba ya kiatu.

"Pita, pita, mdogo wangu," alimwambia aliye nyuma yake. "Kamba hizi zitaniua."

Aliye nyuma naye alikuwa mkongwe. Akatazama mbele, akahesabu, na kamba yake ikafunguka papo hapo. Wa tatu akakumbuka kwamba ana kiu. Wa nne akaanza kukohoa. Mwishowe akasukumwa mbele kijana mgeni aliyesajiliwa juzi, maskini wa Mungu, asiyejua kuhesabu foleni. Filimbi ikalia. Pettway hakukimbia, alitembea tu, na yule mgeni akaondoka naye kinyumenyume mpaka kwenye ndoo za maji.

Juu ya mnara makocha hawakuandika kitu. Kumshinda mgeni si habari. Na mpiga picha huwasha kamera filimbi inapolia, basi foleni haimo kwenye picha. Kocha wa zoezi naye alikuwa ameipa mgongo, macho kwenye miguu ya waliokuwa wakipambana. Wiki tano jambo lile lilifanyika mbele ya watu tisini, na hakuna hata mmoja wa wanaoamua mchujo aliyeliona.

Verlon alisubiri duru ya pili. Kamba zikafunguka tena, zilezile. Akacheka peke yake, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, mpaka ikambidi ashike uzio. Moyo uliokuwa umekunjamana tangu alfajiri ulianza kukunjuka. Macho yake yalikuwa mazima.

Pettway alikuja kunywa maji, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Mzee Tackett. Samahani, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Hawa kaka zetu wakubwa, mbona viatu vyao vibovu hivi? Nimewanunulia kamba mpya boksi zima, nikamwekea kila mmoja kabatini kwake. Bado zinafunguka tu. Naona kama nimewaletea za bei rahisi."

Verlon alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. "Kamba zako ni nzuri," alimjibu, akimpiga begani. "Rudi ukafanye kazi."

Akamwendea Dombrowski, aliyekuwa bado ameinama.

"Mitch, kiatu kina nini leo?"

"Kamba, mzee wangu."

"Jana?"

"Kamba."

"Niambie ukweli. Leo wanamkata Pettway kwenye timu."

Dombrowski akaiacha kamba. Akainua uso, na Verlon akaona kwamba hacheki. "Mzee, mimi nina miaka thelathini na mitatu. Mgongo wangu unaamka saa nzima baada yangu. Nikienda kumwambia kocha kwamba namkwepa mtoto aliyekuja juzi, atasema Mitch amezeeka. Jina langu nalo liko kwenye karatasi mahali fulani. Usinitie kwenye shimo lako."

Lilikuwa neno la haki, na Verlon hakulipinga. Akampigia kocha mkuu simu kule juu, akamwambia neno moja: "Shuka."

Haldorsen alishuka akinung'unika. Verlon akamsimamisha kando ya ndoo. "Usitazame mchezo," alimwambia. "Tazama foleni tu."

Pettway akabakiza watu wawili. Dombrowski hakujua kocha yuko nyuma yake. Akahesabu, akainama. Wa pili akainama. Wa tatu akaenda kunywa maji, akageuka na ndoo mkononi, akakuta uso wa kocha mkuu umbali wa shubiri moja. Maji yakamwagika yote.

Uso wa Haldorsen ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Verlon," alisema polepole, "mimi nilifunga kamba miaka minne ili kumkwepa mtu mmoja. Hakuna mtu niliyemwambia. Hata mke wangu hajui." Akapiga filimbi, uwanja ukatulia. "Kila mwenye matatizo ya kamba aje hapa!"

Walikuja watano, vichwa chini, majitu ya ratili mia tatu kila moja yakiwa kama wanafunzi waliokamatwa na embe za jirani.

"Mitch. Toa sababu."

"Kocha, nikisema utanikata?"

"Nikikukata, nani atampokea yule?"

Dombrowski akapumua, akavuta kola ya fulana. Bega lilikuwa bluu na njano mpaka kwenye mbavu. "Wiki ya kwanza nilimpokea mara nne. Hana mbio, kweli. Lakini akikushika, Kocha, unasahau jina lako. Unasukuma, ni kama kusukuma nyumba. Halafu nyumba inaanza kutembea. Na akishamaliza anakuinua, anakufuta nyasi, anakwambia, 'Pole, kaka.' Hapo ndipo ninapomchukia zaidi."

Wanne wengine waliangua kicheko, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Mmoja akasema, "Mimi nalala ubavu mmoja tu sasa." Mwingine akasema, "Kwenye mechi wanamwekea wawili na bado hawamwondoi. Watu walio nyuma yake ndio wanaobeba sifa, wanapita penye uwazi alioufungua yeye."

Haldorsen akamgeukia Verlon. "Hili ungeniandikia."

"Niliandika. Ukurasa wa tatu wa ripoti yangu."

"Ni nani husoma ukurasa wa tatu?" alijibu kocha, akapanda zake ngazi. Lakini alikuwa akitikisa kichwa na kucheka, na Verlon akahisi njaa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alikula soseji nne zilizopoa, akiwa amesimama, na hazikumkwama popote.

Hata hivyo, desturi ya siku ya mchujo ni ya kikatili: anayebaki haambiwi kitu. Anayeondoka ndiye huitwa. Mtu huja, humgusa bega na kumwambia, "Kocha anakuita, njoo na daftari lako la mbinu." Kuanzia saa saba mtu huyo alipita chumba kwa chumba. Alipomgusa Kessler, kijana aliinuka bila neno, na Verlon, aliyekuwa ukumbini, alimshika mkono akampa namba ya rafiki yake katika timu nyingine iliyohitaji watu wepesi. Huruma haikumzuia kushusha pumzi.

Saa kumi na robo alimkuta Pettway ameketi ukingoni mwa kitanda chake, begi limefungwa, daftari mapajani, mikono juu ya daftari. Alikuwa ameketi hivyo kwa muda wa saa tatu. Alipomwona Verlon mlangoni, alisimama taratibu na kumkabidhi daftari kwa mikono miwili.

"Nilijua watakutuma wewe, Mzee," alisema, machozi yakimlengalenga. "Asante kwa kuniamini. Nyumbani nitawaambia ulinitendea wema."

"Pettway, saa ngapi sasa?"

"Saa kumi na robo."

"Mchujo unaisha saa ngapi?"

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Akaitazama saa, akamtazama Verlon, akaitazama saa tena. Halafu mwili ule ambao watu wawili hawakuweza kuuhamisha ukashuka wenyewe sakafuni, kishindo kikatikisa dirisha. Alilia na kucheka kwa pamoja. Verlon naye, mtu mzima, alikalia begi lililofungwa na hakuona haya kufuta machozi. Hakumwambia kamwe kwamba nusu ya machozi yale yalikuwa kwa ajili ya kazi yake mwenyewe.

Kishindo kilimleta Dombrowski mbio. Alisimama mlangoni, barafu imefungwa begani.

"Amebaki?"

"Amebaki."

"Ee Mungu wangu!" alilalamika mkongwe. "Miezi mitano mingine!" Kisha akaingia, akampa kijana mkono wa bega zima, akamvuta mpaka akasimama.

Jioni ile Verlon alijaza fomu ya tathmini. Penye nafasi ya kasi aliandika ukweli, penye idadi ya walioangushwa aliandika moja. Chini kabisa, penye nafasi ya maelezo, msaka vipaji wa miaka ishirini na sita aliandika sentensi moja tu: "Msiniulize mimi, waulizeni waliosimama mbele yake." Maana walio juu ya mnara huona mengi na kuhesabu mengi, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti.