Sadaka Iliyotoka Kwenye Paa

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasit aliishi mchamungu aitwaye Shuaibu bin Mirdasi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na nyumba saba za kupangisha, zilizoezekwa kwa boriti za mtende na udongo. Desturi yake ilikuwa kwamba kila nyumba itunzwe kwa kodi yake yenyewe. Kabla ya mvua hutenga fungu la kukandika paa, kisha la mayatima, na kinachosalia ndicho alichokula na ahali yake.

Katika nyumba ya saba alikaa Bi Raihana, mjane msokota sufu, pamoja na binti zake wawili. Mwaka mmoja sufu ikadoda, akaja kuomba muda. Shuaibu akamwambia, "Kaa, mama. Kodi nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wala usinilipe tena."

Shuaibu akaenda zake moyo mweupe. Na tuseme kweli, siku ile alijiona mwema kidogo.

Mvua zikaingia. Wapangaji sita hawakumpa nafasi ya kupumua. Huyu paa linavuja, yule ukuta umelowa, mwingine akamfuata kwa makelele hadi mlangoni mwa msikiti. Akawatengenezea wote kwa zamu. Nyumba ya saba hakuitengea kitu, kwa kuwa haikuwa na kodi, na Bi Raihana alikuwa kimya. Akauchukulia ukimya ule kuwa ni raha na shukrani.

Siku moja baada ya Alasiri akapita kumjulia hali. Akamkuta mjane na wanawe wamejibanza pembeni chini ya jamvi, maji yakiwachuruzikia, na boriti ya kati imeoza na kupinda juu ya vichwa vyao. Akawavuta nje kwa mikono yake. Hawajafika mwisho wa kichochoro, paa likaporomoka.

Akasema, "Subhanallah! Mbona hukuniambia, mama?"

Bi Raihana akainamisha uso. "Mara tatu nimefika mlangoni kwako, bwana wangu, na mara tatu nimerudi. Wenzangu wanalipa, wana haki ya kugombana nawe. Mimi ninayekaa bure ningekudai nini?"

Shuaibu akalia. "Ewe Mola wangu, nilidhani nimetoa. Kumbe sadaka yangu niliitoa kwenye paa la mjane, si mfukoni mwangu."

Akamuuza nyumbu wake wa kupanda, akajenga paa jipya. Kisha akamwambia, "Utalipa dirhamu moja kwa mwezi, unayoiweza, na haki yako ni sawa na ya wenzako. Iliyopungua nitaijaza mimi." Tangu hapo akawa anakwenda sokoni kwa miguu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mlango wake ukagongwa kwa kishindo. Alikuwa Bi Raihana, mkono kiunoni.

"We mwenye nyumba! Komeo langu limevunjika tangu Ijumaa. Unangoja wezi waje walitengeneze?"

Shuaibu akasujudu sijda ya shukrani pale pale kizingitini.

Mjane akasema, "Nimefuata komeo mimi, sikufuata sala." Naye akainuka, akachukua nyundo, akamfuata.

Ndugu zangu, tunapotoa, tutazame ni mfuko wa nani uliopungua. Mwenyezi Mungu atujaalie sadaka isiyomfunga mtu mdomo.