Fungu la Mama Namsifu

Mtu mmoja alikuwa na binti aliyejua kupima madaraja. Mtu huyo aliitwa Yonazi, mkulima wa tangawizi milimani, na binti yake aliitwa Namsifu. Shamba lile la tangawizi ndilo lililomsomesha Namsifu mpaka akawa mhandisi. Akaajiriwa wilayani, akatembea miaka minne kando ya makorongo, kofia ngumu kichwani na buti miguuni. Yonazi hakuwa mtu wa kujisifu. Lakini kila alipovuka daraja lililo chini ya kanisa, ambalo binti yake alilipima, alisimama kidogo katikati yake kama mtu anayepumzisha mzigo, ingawa hakubeba kitu.

Ikatokea kampuni moja ya ng'ambo, katika nchi ya joto inayojenga njia za treni, ikatafuta wahandisi. Namsifu aliomba, akahojiwa kwa simu, akakubaliwa. Kisha akatumiwa fomu. Aliichapisha kwenye steshenari ya sokoni akaileta nyumbani, kwa sababu kwao jambo kubwa halijibiwi na mtu mmoja. Maswali mengi alikuwa amekwisha kuyajaza. Mawili aliyaacha wazi. La kwanza liliuliza anatarajia mshahara kiasi gani kwa mwezi. La pili lilikuwa mstari mmoja tu chini yake: mengineyo anayoomba atimiziwe na mwajiri.

"Baba," alisema Namsifu, "wenzangu waliotangulia wanasema mtu aulize kwanza pango la nyumba kule ni kiasi gani, na wengine wa kazi hiyo hiyo wanapewa nini. Ndipo ataje."

Yonazi alisikia, lakini alisikia kama wazazi wanavyosikia. Moyoni mwake alimwona mgeni aliyetoka mbali kuja kumtaka binti yake, na jambo la namna hiyo lilikuwa na njia yake. Binti haketi kwenye kikao kinachotaja mahari yake. Hukaa jikoni, wakubwa wakazungumza, naye huitwa mwishoni aseme kama amekubali. Basi Yonazi akapanga kikao Jumapili baada ya ibada. Namsifu akaenda jikoni, kwa kuwa alilelewa kutii. Hivyo mtu pekee aliyejua hesabu ya jambo lile hakuwamo chumbani.

Walikuja Senzia, mjomba wa binti, na Nanzighe, shangazi yake, na wazee wawili wa ukoo ambao hawakuwa wasemaji. Yonazi alishika kalamu. Hakuna aliyeuliza kazi ile ina uzito gani, au maisha ya kule yanakula kiasi gani. Waliuliza kama wanavyouliza kwenye mahari: fungu la mjomba ni lipi, la shangazi ni lipi, la wazee ni lipi. Senzia alitaja mabati ya duka lake. Wazee walitaja uzio wa makaburi ya ukoo. Yonazi mwenyewe alitaja tangi la maji la lita elfu tano, akaliandika haraka kabla mtu hajamtazama.

"Andika goti langu," alisema Shangazi Nanzighe. "Daktari ameshasema linahitaji kupasuliwa."

"Moja au yote mawili?" aliuliza Senzia.

"La kulia bado Mungu analishikilia, liache. Andika la kushoto."

Walicheka, na hata wazee walicheka. Wakati huo mke wa Yonazi, Mama Namsifu, aliingia na sinia la chai. Senzia akamwambia, "Na wewe dada, taja lako, usije ukasema tumekusahau."

Mama Namsifu aliweka sinia chini. "Mimi niandikieni awe anakuja," alisema. "Kila mwaka, hata wiki moja."

"Aa, wifi," alisema Nanzighe. "Taja kitu kinachonunulika."

Mama Namsifu alifuta mikono kwenye kanga yake, akafikiri. "Basi sina kingine," alisema, akarudi jikoni.

Yonazi alitazama ule mstari wa chini, wa mengineyo. Kalamu yake ilikuwa karibu nao kabisa, na neno la mkewe lilikuwa fupi. Lakini Senzia akainama akasema, "Hapo piga mstari, shemeji. Ukiwaomba vitu vingi watadhani hatujui tunachotaka." Yonazi akaona aibu ya kuonekana hajui anachotaka. Akapiga mstari.

Kisha wakajumlisha, wakaigawa jumla kwa miezi ya miaka miwili. Juu ya kilichopatikana wakaongeza nusu yake, ili mgeni apate nafasi ya kuomba apunguziwe. Namsifu aliitwa kutoka jikoni. Aliitazama ile tarakimu, akautazama ule mstari uliopigwa. Alijua yaliyokosekana, lakini hakuona pa kuanzia kusema mbele ya wazee. Akatia sahihi.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Wamekubali. Hawakuomba wapunguziwe hata kidogo.

Senzia alijipiga kibao cha paji la uso. "Tumetaja kidogo! Ningekuwa na akili ningesema na vigae!"

Lakini Yonazi hakufurahi, wala hakujua kwa nini. Alikaa na jambo hilo shambani wiki nzima. Kwao mahari haimaliziwi siku moja. Mkwe huachiwa kitu kidogo kilichobaki, ili awe na sababu ya kurudi, na kila akirudi hupewa chakula na kuulizwa habari, na hivyo watu huwa ndugu. Anayelipa yote kwa mkupuo mmoja huonekana mtu anayechukua na kwenda zake. Mgeni huyu alikuwa amelipa yote kwa neno moja. Hakubakiza deni la kumrudisha.

Mkataba ulipokuja ulisema hivyo kwa maneno yake. Mshahara uliotajwa na mwombaji ndio malipo ya kila kitu. Nyumba atajipangia, nauli atajilipia, na likizo ya kwenda kwao haitakuwapo mpaka miaka miwili itimie. Atakayeondoka kabla ya hapo atahesabiwa ameacha kazi. Namsifu aliusoma mara mbili, akaenda.

Alikuwa mwaminifu. Nusu ya mshahara ilichukuliwa na pango la chumba, na kilichobaki alimtumia baba yake akigawe kama kilivyoandikwa. Goti la Shangazi Nanzighe lilipasuliwa, likapona. Uzio wa makaburi ulisimama, ukapakwa rangi ya kijani. Tangi la Yonazi lilipanda mlima likiwa juu ya trekta, na watu walitoka nje kulitazama. Siku moja katika simu Namsifu alimwambia baba yake habari ya mwenzake wa kazi, Mfilipino, anayefanya kazi ile ile katika meza ya jirani.

"Anapata nusu ya mshahara wangu, baba. Lakini kampuni imempa nyumba, na kila mwaka inamkatia tikiti ya kwenda kwao."

"Kwa nini yeye wamempa?"

"Niliuliza ofisini. Waliniambia aliomba."

Yonazi hakumsimulia mke wake maneno hayo. Aliyafunika kama mtu anavyofunika chungu chenye moto, akijua kuwa hakizimiki hivyo.

Mwezi wa kumi na tisa tangu binti aondoke, Mama Namsifu akaugua. Ilianza kama uchovu, ikawa ugonjwa wa kumlaza kitandani. Hospitali ya misheni walimpima, wakamrudisha nyumbani, wakamwambia Yonazi ukweli kwa sauti ya chini. Mgonjwa hakuomba binti aitwe. Alitaka tu kitanda chake kisogezwe mahali ambapo mtu akilala anaona njia inayopanda kutoka darajani.

Hapo Yonazi alielewa lililo mbele yake. Akimwita Namsifu, Namsifu atakuja, maana alilelewa kutii. Kazi itakwisha siku hiyo, na mafungu yatakoma. Hakutaka kuamua peke yake, kwa kuwa hakuwa ameandika peke yake. Akaenda kwa mmoja mmoja awaombe waachilie vilivyobaki vyao.

"Shemeji, yule ni dada yangu, unadhani sina uchungu?" alisema Senzia. "Lakini mabati yamefunika upande mmoja tu, na mvua ndiyo hiyo. Ngoja mwezi huu uishe."

Nanzighe alisema goti bado linataka dawa za mwezi mmoja. Wazee walisema uzio hauna lango, na makaburi yasiyo na lango ni kama hayajazungushiwa. Hakuna aliyekataa. Kila mtu alisema bado kidogo.

Yonazi alirudi kwake amekasirika. Akakaa karibu na tangi lake, akatoa simu. Ndipo akakumbuka kwamba tangi halikuwa na mabomba ya kuliletea maji, na kwamba fedha ya mabomba ingekuja mwisho wa mwezi. Alijisikia akisema peke yake, kwa mdomo wake mwenyewe, bado kidogo. Akairudisha simu mfukoni. Namsifu alipopiga aliambiwa mama ana homa, lakini anaendelea vizuri.

Mama Namsifu alifariki tarehe ishirini na sita, asubuhi, uso ukielekea njiani.

Namsifu alipata habari akiwa kazini. Hakuomba ruhusa, kwa kuwa ruhusa haikuwamo mkatabani. Aliacha kofia juu ya meza, akatafuta tikiti, na tikiti ya kwanza aliyoipata ilimfikisha siku nne baada ya mazishi. Alipelekwa kaburini. Aliona uzio wa kijani, akaona lango jipya lililonunuliwa kwa fedha yake ya mwisho. Shangazi yake alitembea mbele kumwonyesha njia, akitembea bila mkongojo. Mvua ikaanza, wakajikinga dukani kwa Senzia, na paa halikuvuja popote.

Waliporudi nyumbani, binti aliomba nakala ya fomu iliyobaki nyumbani. Yonazi alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia. Nyuma yake ilikuwapo orodha ya mafungu kwa mwandiko wake mwenyewe. Namsifu alisoma polepole, jina baada ya jina, kama mhandisi anavyokagua daraja baada ya watu kuanguka. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Baba," alisema, "la mama liko wapi?"

Kumbe hakuwa amejua. Siku ile alikuwa jikoni, na mama yake aliporudi na mikono mitupu alimwambia tu kwamba huko ndani wanaendelea vizuri. Yonazi aligeuza karatasi. Akaweka kidole juu ya ule mstari wa chini, mahali alipopiga wino, akakiacha hapo muda mrefu. Nje, maji yalitiririka ndani ya tangi kwa mabomba mapya. Yule aliyeomba kidogo kuliko wote ndiye peke yake ambaye hakupewa, na alichokiomba mwajiri angekitoa kwa kuombwa tu.

Nasi tunaulizwa kila siku tunatarajia nini, na Yeye anayetuuliza hana haraka, ameacha nafasi chini ya maombi yetu yote apate kuombwa Yeye mwenyewe aje. Basi wewe uliyepiga magoti leo asubuhi na orodha yako ndefu, kwenye ule mstari wa mwisho uliandika kitu, au nawe ulipiga wino ukapita?