Ubeti wa Mama Jikoni

Nipeni masikio niwape niliyopewa. Nikizidisha, Mola anisamehe.

Mwanaidi aliishi na komeo mlangoni. Mdogo wake Kombo alipotea wakati wa njaa, miaka arobaini sasa, na pale kijijini palikuwa na zimwi lililovaa sura za watu, likifunguliwa mlango linakula.

Siku ya kwanza akaja Kombo, kijana vilevile. "Dada, nifungulie."

"Imba ubeti wa mama."

Hakuujua. Akaenda zake.

Siku ya pili akaja Kombo mwenye mvi, ameshawasikiliza wanawake kisimani. Akaimba:

"Njooni wangu jikoni, chungu kimeshatokota,
Tukaeni sote chini, njaa haitatupata."

Hakukosea hata neno. Mwanaidi akashika komeo, moyo ukakataa, asijue kwa nini. "Rudi ulikotoka."

Siku ya tatu akaja kizee chongo, asiyefanana na yeyote. "Leo umeishiwa sura?" Mwanaidi akamkejeli. "Haya, imba."

Kizee akaimba mpaka "chungu kimeshatokota", akanyamaza, akapuliza, fuu, fuu, ndipo akamalizia.

"Mbona unapuliza?"

"Sijui, dada. Ndivyo unavyoimbwa."

Kuni za mama yao zilikuwa mbichi siku zote, hata akiimba hukatiza apulize moto. Mwanaidi akatoa komeo, huku akimwomba Mungu msamaha kwa ile kejeli.

Hapo ndipo nilipoachiwa, nami nawaachia hapo.