Nyumba Isiyosema Karibu

Mmekaa?

Tumekaa!

Masikio mmeyaacha nje, au mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi. Zamani, zamani ile ambayo mto wetu huu ulikuwa bado haujaamua upite wapi, palikuwa na mji ukiitwa Kivumoni. Msiniulize uko wapi, siku hizi hata magofu yake hayapo. Katika mji huo aliishi mwanamke mmoja mfinyanzi, jina lake Siwatu. Alifinyanga vyungu, alifinyanga mitungi, alifinyanga vikaango, na mikono yake ilinuka udongo hata siku ya sikukuu.

Siwatu alikuwa na mume, Mdoe. Huyo Mdoe alikopa mashuka kumi na mawili kwa tajiri wa mji, Mwinyi Chande, akaenda bara kuyauza. Akaenda, akaenda, akaenda. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Homa ilimchukua njiani, wakamzika mahali ambapo hakuna aliyejua kupaeleza. Akabaki Siwatu na binti zake wawili: Sikudhani, wa miaka minane, na Mkiwa, wa miaka mitatu. Na deni nalo likabaki. Mtu hufa, wajukuu zangu, lakini deni lake halifi; la Mdoe lilikuja likakaa mlangoni kwa mkewe.

Sasa sikilizeni sheria ya Kivumoni ilivyokuwa. Mdai alimtuma tarishi. Tarishi alisimama mlangoni akapiga hodi mara tatu. Akijibiwa "karibu", hata na mtoto, basi ameingia, na akiingia anabeba anachokiona: kitanda, kinu, jiwe la kusagia, mbuzi. Asipojibiwa, hana ruhusa ya kuvuka kizingiti. Anageuka, anarudi alikotoka. Lakini kila akija bure, deni linaongezwa shuka moja. Hilo liliitwa shuka la miguu ya tarishi.

Mmeiona sheria hiyo? Ukijibu, umekwisha. Usipojibu, unakwisha taratibu.

Siwatu aliwaita wanawe, akawashika mikono.

"Kuanzia leo," alisema, "mtu akipiga hodi, hatujibu."

"Hata akiwa mgeni?" aliuliza Sikudhani.

"Hata akiwa mgeni."

"Hata akiwa baba?"

Siwatu aliukaza mkono wa Sikudhani. Kisha akasema, "Baba hapigi hodi kwake."

Akaja tarishi. Aliitwa Kingaru, mtu mrefu, mkavu, mwenye fimbo nyeusi na sauti iliyofika nyumba ya tatu. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Hodi! Ndani, mama na binti wawili wamekaa sakafuni, mkono wa mama kinywani mwa Mkiwa. Wakasikia miguu ikiondoka. Shuka la kumi na tatu.

Mara ya pili akaja na ujanja. Alimleta mwanamke, akamwambia apige hodi yeye kwa sauti laini. "Hodi, jirani! Hodi, mama Sikudhani!" Siwatu alikuwa ameshafungua kinywa. "Ka—" limefika kwenye meno. Ndipo akaiona, chini ya mlango, ncha ya ile fimbo nyeusi. Akalimeza neno lake.

Tangu siku hiyo hakujibu hodi ya mtu yeyote. Angejuaje nani ni nani?

Jirani yake mzee, Bi Mkasi, alikuja na bakuli la uji. Hodi, hodi, hodi. Kimya. Akarudi na uji wake. Akaja tena na mboga, akarudi na mboga yake, na siku nyingine vivyo hivyo. Watu wakaanza kusema kisimani: Siwatu ana kiburi siku hizi. Siwatu hataki watu. Mjane mwingine naye alikuja amzungumzishe kidogo, hakujibiwa, akaenda zake akisema hatarudi. Mwisho hodi za majirani zikakoma, ikabaki hodi moja tu, ya Kingaru.

Mnajua nyumba isiyopigiwa hodi inakuwaje? Unasikia mchwa wakila mlango. Unasikia harusi ya watu mtaa wa pili, unazijua nyimbo zote, unaziimba kwa midomo bila sauti. Siwatu alitoka kuchota maji alfajiri kabla watu hawajaamka, akarudi akikimbia. Sikudhani akazoea kunong'ona hata alipokuwa hana la kuficha. Na Siwatu akazoea kuzungumza na udongo. "Wewe unaitaka shingo ndefu, eh? Haya, chukua shingo." Alifinyanga kila siku, kwa sababu mikono ikitulia, moyo ulikuwa unaanza kuwaza.

Lakini chungu kibichi si chungu, wajukuu zangu. Ni tope lenye umbo. Lazima kichomwe, na kuchoma ni kazi ya uani, ya mchana kutwa, na mlango wazi, na moshi ambao mji mzima unauona. Siwatu hakuthubutu: tarishi akimkuta nje, atajifichaje? Basi vyungu vibichi vikajaa ndani, vikafika arobaini, wakawa wanalala wamejikunyata katikati yake, na hakuna hata kimoja cha kuuza. Chakula kikawa mara moja kwa siku. Deni likafika mashuka ishirini.

Asubuhi moja Siwatu alikuwa anapaka mtungi maji, akamwona Mkiwa anacheza peke yake kwenye pembe. Mtoto alisimama mbele ya chungu kikubwa, akakigonga kwa kidole.

"Hodi," alikiambia chungu.

Halafu akakimbia nyuma ya chungu, akachuchumaa, akajiziba kinywa kwa mikono yake miwili. Akakaa hivyo. Akatoka, akasimama mbele tena. "Hodi." Akarudi nyuma, akajiziba. Hakucheka hata mara moja. Ndio mchezo alioujua.

Siwatu aliweka mtungi chini. 

Siku ya pili yake Kingaru akaja. Hodi!

Sikudhani akamwahi mdogo wake, akamziba kinywa. Siwatu akainuka, akajifunga kanga vizuri, akausogeza mkono wa mwanawe polepole.

"Karibu," alisema.

Nje kukawa kimya. Tarishi alikuwa ameshaanza kuvuta pumzi ya hodi ya pili. Siwatu akafungua mlango, akamkuta amesimama na mguu mmoja mbele, hajui auweke wapi.

"Umesema karibu, mama?"

"Nimesema karibu, Bwana Tarishi. Ingia, ila angalia usikanyage."

Kingaru akainama, akaingia. Akatazama kushoto, vyungu. Akatazama kulia, vyungu. Akaushika mtungi mmoja kwa shingo auinue, na shingo ikakatika, ikabaki mkononi mwake.

"Havijachomwa," alisema Siwatu. "Nitavichomaje, nawe kila siku uko mlangoni? Humu mna tope, kitanda, kinu na watoto. Beba unachotaka. Au niache nichome leo."

"Mimi natumwa vitu, mama. Situmwi kuchukua ahadi."

"Sikupi ahadi. Nakuomba mchana mmoja."

Kingaru alikigeuza kile kipande cha udongo mkononi. Alikuwa mtu mzima, na magoti yake yalikuwa yanamuuma.

"Kitanda na kinu ni vyangu kuanzia sasa," alisema mwishowe. "Lakini ni vizito. Nitakaa uani nipumzike hadi jua lizame. Utakachokifanya wewe mchana huo, mimi sikukutuma."

Siwatu akachoma. Alitoa vyungu kimoja kimoja, akavipanga, akavifunika kwa kuni na magome na majani makavu, akawasha. Moshi ukapanda. Watu wakachungulia juu ya ua, wakaona fimbo nyeusi imeegemezwa ukutani, wakateremsha vichwa. Hakuna aliyekuja kumsaidia kubeba hata ukuni mmoja. Alikwenda, akarudi, akaenda, akarudi, jasho na masizi, na Sikudhani nyuma yake.

Mkiwa alikuwa amesikia mama yake akisema karibu, akaona limeruhusiwa. Akamwambia kuku karibu. Akauambia moto karibu. Kisha akamletea tarishi kibuyu cha maji, akasimama mbele yake. "Karibu."

Kingaru alipokea kwa mikono miwili. Alikunywa hadi tone la mwisho.

"Miaka ishirini na mitatu napiga hodi," alimwambia Siwatu bila kumtazama. "Najua wamo ndani. Nasikia mpaka pumzi zao. Jioni narudi kwangu, napiga hodi vilevile, kwa mazoea tu. Hamna mtu."

Siwatu alikichukua kibuyu. Alimwongezea maji.

Jua lilipoinama walifukua majivu. Kumi na moja vimepasuka. Ishirini na tisa vizima, vyekundu, ukivigonga vinalia. Kesho yake Siwatu alivipeleka barazani kwa jumbe, mkuu wa mji, na Kingaru akabeba kitanda na kinu. Mwinyi Chande akasema, "Mashuka ishirini."

"Kumi na mawili," alisema Kingaru.

"Na manane ya miguu!"

"Miguu ni yangu, Mwinyi. Nimeisamehe."

Baraza zima likageuka kumtazama. Jumbe akauliza kama ni kweli shuka la miguu ni haki ya tarishi na si ya mdai, wazee wakasema ndivyo. Basi ikaamuliwa: deni ni kumi na mawili, kitanda na kinu virudi kwa mwenyewe, na vyungu vihesabiwe kwa bei ya soko, alipe hadi liishe. Mwinyi Chande hakumtuma Kingaru tena. Wiki hiyohiyo Kingaru aliondoka Kivumoni na fimbo yake, na hakuna aliyemsindikiza, maana hakuna aliyemwona akitoka. Siwatu alizisikia habari siku tatu baadaye, akajuta kutomshukuru.

Alilipa miaka miwili. Likaisha. Mlango ukawa wazi mchana kutwa. Na mnadhani watu walirudi? Hawakurudi. Walikuwa wamezoea kuupita. Siwatu alikaa kizingitini na udongo wake, akasikia miguu ikija, ikija, ikipita.

Mpaka siku moja akanawa mikono, akaenda nyumba ya Bi Mkasi, akasimama nje.

"Hodi."

Kimya. Lakini mchi ulikuwa unatwanga, na ukanyamaza.

"Hodi."

Kimya. Hapo ndipo Siwatu alipojua upande wa pili wa mlango unavyouma.

"Hodi, Bi Mkasi. Ni mimi, Siwatu."

 Kisha sauti ya kikongwe ikasema kutoka ndani, "Nilikuja kwako mara saba."

"Tisa," alisema Siwatu. "Nilizihesabu zote. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, nalia."

Mchi ukaanguka. Zikasikika nyayo zikiburuza.

"Karibu," alisema Bi Mkasi, na akaufungua yeye mwenyewe.

Basi, wajukuu zangu, mkipiga hodi mahali msijibiwe, msiseme wenyewe wana kiburi. Hamjui nani amewatangulia mlangoni hapo. Nendeni, halafu rudini. Na mkishindwa kurudi, angalau msiende kusema kisimani.

Kisa changu kimefika kwake, nami nimefika kwangu. Aliyekisikia akalale nacho, aliyesinzia amwamshe mwenzake amuulize.

Tumesikia!

Haya, inukeni.