Chai ya Uchagani

Sogeeni, wajukuu zangu. Masikio yatangulie, miguu ifuate.

Zamani, zamani zile mawe ya mtoni yalipokuwa bado laini, vijiji viwili vya milimani viligombea chemchemi moja. Vikapigana, vikachoka, vikapatana. Kila mwaka wazee wao walikunywa chai pamoja ili kuthibitisha amani. Mzee mgeni akiitema chai ya wenyeji, amani imekufa. Na amani ikifa, kila mke aliyeolewa ng'ambo anarudishwa kwao, mtoto wake anabaki. Mnanisikia? Mtoto anabaki.

Tusekile alikuwa ameolewa ng'ambo, na mgongoni alibeba mtoto wa miezi minne.

Siku tatu kabla ya wageni, wazee wa kijiji cha kwao, kufika, mama mkwe wake, Subilaga, alimtuma ateremshe kibuyu cha chai kutoka uchagani, ile dari ya fito iliyo juu ya moto. Watu wa pale kila cha thamani walikiweka uchagani. Mbegu, uchagani. Samaki wakavu, uchagani. Moshi hufukuza wadudu, walisema. Basi na chai, uchagani.

Tusekile akayafinya majani. Majani mazima hulia kidoleni, wajukuu zangu, yakavunjika. Haya yalijikunja kama ngozi mbichi, yakanyamaza. Akanusa: samaki, na chini ya samaki, kuvu. Akayapeleka mwangani, akaona utandu mweupe.

"Mama," akasema, macho chini, "chai imeharibika."

"Imeharibikaje na moto uko chini yake?"

"Mvuke wa vyungu unapanda kila siku, mama, nayo inaunywa. Na harufu ya samaki walio jirani inaichukua."

"Ikaange, utie tangawizi nyingi. Wazee hawana pua."

"Wana matumbo, mama. Kuvu haiondolewi na tangawizi."

"Ndiyo umeanza kunifundisha jiko langu, wewe mtoto wa ng'ambo?"

Tusekile akakitoa kibuyu nje, akamwaga yote shimoni.

Subilaga akashika kichwa. "Sasa tutawapa nini? Maji ya moto?"

Tusekile alimfunga mtoto vizuri, akashika njia ya shamba la chai. Mvua ikanyesha, akachuma. Mvua ikazidi, akachuma. Akayatandaza majani ndani mpaka yakanyauka, akayasugua mpaka viganja vikawa vyeusi. Siku ya pili alipoinua macho, Subilaga alikuwa ameketi kando yake, anasugua. Yalipogeuka rangi wakayakausha kikaangoni, polepole, mpaka yakalia kidoleni.

Wageni wakafika. Mkubwa wao, Mzee Ambilikile, akapokea kikombe. Akanusa. Akanywa. Tusekile akaishika miguu ya mtoto mgongoni.

"Mwaka jana chai yenu ilininukia samaki," mzee akasema. "Niliimeza kwa ajili ya mabinti zetu. Hii ya leo nimeinywa kwa ajili yangu. Niongezeeni."

Jioni Subilaga alikusanya majani yaliyobaki. "Mwanangu," akauliza, "tuyaweke wapi?"

"Mbali na moto, mama. Kwenye chungu kikavu kisicho na harufu, kilichozibwa, pasipofika jua."

Basi, wajukuu zangu, panapofaa mbegu si lazima pafae chai. Na kilichooza kimwage ungali nyumbani peke yako, kabla hujamnywesha mgeni.

Kisa nimekifunika, mfuniko nimeukaza. Atakayekifunua awe na mikono mikavu.